Mtu Anapojihukumu Mwenyewe

Wako watu wasemao kwamba vita vya ukimwi katika nchi yetu vimekwisha, na kwamba kilichobaki ni kufagia uwanja. Husema dawa zipo, tena hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006. Wagonjwa walio wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Na mtu aliyeanza dawa mapema akadumu nazo aweza kuishi hata akawabeba wajukuu zake. Yote hayo ni kweli, na mtu ye yote ayakanaye amewakosea heshima waliotaabika kuzitafuta dawa hizo. Lakini nyuma ya kweli hiyo hufuatishwa neno lisilo kweli. Husemwa kuwa maadamu dawa zipo, ushauri nasaha ni anasa. Kwamba kumlipa mtu mshahara ili aketi na kuzungumza na mgonjwa ni kulipia porojo za barazani. Neno hili nimelisikia kwa watu wenye elimu, na nimelisikia kwa watu wenye mamlaka ya kugawa fedha. Nakusudia kulipinga.

Kunyanyapaa ni kumwepuka mtu na kumtenga kwa kinyaa, kana kwamba kumkaribia ni kujitia uchafu. Tumezoea kulisikia neno hili likisemwa juu ya majirani: jirani aliyekataa kikombe, mwenye nyumba aliyemfukuza mpangaji, ndugu waliomtengea mgonjwa sahani yake. Liko jambo jingine lililo baya zaidi, nalo ni kujinyanyapaa. Hapa anayetenga na anayetengwa ni mtu mmoja. Mtu huyachukua maneno aliyoyasikia yakisemwa juu ya watu wenye virusi, akayahamishia moyoni mwake, akayaamini, kisha akajihukumu kwayo. Katika mahakama hiyo yeye ndiye mshtaki, yeye ndiye shahidi, yeye ndiye hakimu, na yeye ndiye mfungwa. Anayekosekana ni wakili peke yake. Jirani mwovu mtu aweza kumhama. Moyo wake hauhami.

Mfikirie kijana wa kidato cha pili katika shule ya bweni. Amezaliwa na virusi, kwa sababu mama yake hakupata kwa wakati dawa za kumkinga. Kila usiku yampasa kumeza kidonge. Chupa ya vidonge ina kelele. Ukiitikisa hulia kama kayamba. Basi ameishindilia pamba isipate kulia. Karatasi yenye jina la dawa ameibandua. Sanduku lake lina kufuli mbili. Taa zizimwapo husubiri wenzake wapitiwe na usingizi, na usiku ambao wenzake huchelewa kulala kwa mazungumzo, yeye hulala bila kumeza. Sasa liangalie vizuri jambo hili, ndugu msomaji: katika bweni hilo hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemcheka wala aliyekataa kula naye, maana hakuna ajuaye. Wenzake humpenda, ndiye mlinda lango wao. Hata hivyo yeye huona kuwa upendo huo ameupata kwa wizi, na kwamba siku watakapojua watamnyang'anya. Walimwomba agombee uongozi wa bweni, akakataa. Ameacha kufikiri juu ya chuo kikuu. Hujiambia kuwa kumsomesha mtu kama yeye ni kumwaga maji mchangani. Nani aliyempa hukumu hiyo? Na ni dawa gani iliyomo chupani iwezayo kuifuta?

Hukumu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa, na watungaji wake ni sisi. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa Kenya mwaka 1984, na kwa muda wa miaka mingi baadaye mafundisho yetu juu ya ugonjwa huu yalikuwa mafundisho ya kutisha: mafuvu ya kichwa katika mabango, majeneza katika nyimbo, na mahubiri yaliyofanya kila kaburi jipya kuwa ushahidi wa uasherati. Sehemu za Nyanza wengine waliuchanganya ugonjwa huu na chira, maradhi ya kukonda ambayo katika imani ya Waluo humpata mtu aliyevunja mwiko. Hivyo mgonjwa akawa si mgonjwa tena, bali mkosaji aliyefichuliwa. Joe Muriuki, mmoja wa Wakenya wa kwanza kutangaza hadharani kuwa wana virusi, alipata habari zake mwaka 1987 na kupewa miezi michache tu ya kuishi. Asunta Wagura alipata zake mwaka huo huo, akiwa mwanafunzi wa uuguzi, naye akahesabiwa miezi 6. Muriuki alifariki mwaka 2022, yaani miaka 35 baadaye, akiwa amekwisha kuanzisha chama cha kuwafundisha watu juu ya ukimwi. Wagura alishiriki kuanzisha chama cha wanawake wenye virusi mwaka 1993, akazaa, akalea, akaandika gazetini habari za maisha yake. Waliowahesabia miezi hawakuwa na nia mbaya, walisema walilolijua. Lakini fikiri ni wangapi wengine walioambiwa maneno kama hayo wakayaamini, wakauza ng'ombe, wakalala chali kukingoja kifo ambacho pengine kilikuwa mbali bado.

Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999. Hata hivyo, hadi kufikia mwaka 2004, iliwabidi wakuu wa makao ya watoto ya Nyumbani, mjini Nairobi, kwenda mahakamani ndipo watoto wao wenye virusi wakubaliwe katika shule za msingi za serikali. Mtoto aliyefungiwa lango la shule wakati huo, akiwa na miaka 7, leo anakaribia miaka 30. Lango lilifunguliwa, na heri lilifunguliwa. Lakini somo alilojifunza siku lilipofungwa limefutwa na nani?

Huenda nikajibiwa kuwa hiyo ni huzuni, na huzuni haiui. Naam, yaua. Dawa za ukimwi haziviui virusi vyote mwilini. Huvituliza, navyo hutulia maadamu dawa haikatizwi. Mtu akiruka siku hii na ile, virusi hupata nafasi ya kuzaliana, na katika kuzaliana hujifunza kuishinda dawa ile ile iliyovifunga. Ndipo hutafutwa dawa nyingine, ngumu zaidi na ghali zaidi. Basi ni nani arukaye dawa? Wengine hukosa nauli, wengine hukosa chakula cha kumezea, na hao wana haki ya kutetewa katika insha nyingine. Lakini wako wenye nauli na chakula ambao huacha kwa sababu kila kidonge huwasomea hukumu yao upya. Mwingine huipita kliniki ya mtaani kwake, akapanda matatu hadi mji wa pili, asionekane katika foleni na watu wamjuao. Na mwezi asipopata nauli hukosa dawa, ilhali dawa ziko hatua mia kutoka mlangoni pake. Daftari la ghala huandika kuwa dawa zipo. Daftari la mwili huandika kuwa hazikumezwa.

Tena uko ushahidi kwamba mazungumzo huacha alama hata katika damu. Nchini Zimbabwe iko kazi iitwayo Zvandiri, iliyoanza mwaka 2004. Neno hilo la Kishona maana yake ni "jinsi nilivyo". Katika kazi hiyo vijana wenye virusi hufundishwa kuwashauri vijana wenzao wenye virusi: huwatembelea nyumbani, huwapelekea ujumbe kwa simu, huketi nao katika vikundi. Watafiti walivigawa vituo vya afya vya wilaya mbili za mashambani katika mafungu mawili, wakawafuata vijana 500 kwa muda wa karibu miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Katika fungu lililopata huduma ya kawaida, vijana 36 katika kila 100 ama walikuwa wamekufa, ama dawa zilikuwa zimeshindwa kuvituliza virusi vyao. Katika fungu lililopata washauri wa rika lao walikuwa 25. Mafungu yote mawili yalikuwa na dawa. Tofauti ya watu 11 katika kila 100 si ndogo. Katika darasa la vijana 40 ni madawati manne.

Hapa yanipasa kusema neno dhidi ya upande wangu mwenyewe, maana mengi yanayoitwa ushauri nasaha hayastahili jina hilo. Mgonjwa hungoja saa nne katika benchi. Akiingia chumbani, mtu huchukua kadi yake, huhesabu vidonge vilivyobaki, humwuliza kwa ukali kwa nini alikosa tarehe, humwambia asinywe pombe, kisha huita jina la pili. Dakika tano zimekwisha, na katika kitabu imeandikwa kuwa mgonjwa ameshauriwa. Huo ni ukaguzi wa ghala. Ikiwa huu ndio ushauri ambao wapinzani wangu wanauona kuwa ni fedha iliyopotea, basi nakubaliana nao, na tuupunguze leo hii. Katika Kiswahili shauri ni jambo la watu wawili au zaidi. Watu hufanya shauri, na hukata shauri pamoja; halimwagwi juu ya kichwa cha mtu kama maji ya ndoo. Nayo nasaha ni maneno ya mtu akutakiaye mema. Mshauri asemaye peke yake kwa hasira amezivunja sehemu zote mbili za jina lake.

Mshauri wa kweli huanza kwa kuuliza na kunyamaza. Siku ya kwanza pengine hupata machozi tu. Siku ya pili au ya tatu huisikia hukumu yenyewe, kwa maneno yake yenyewe: mimi ni mchafu, mimi ni sumu, nimewaaibisha wazazi, ningekufa ingekuwa nafuu kwa wote. Mshauri hamwambii kuwa asijisikie hivyo, maana hilo ni neno jepesi na halijapata kumponya mtu. Humwomba ushahidi, kama wakili amwombavyo shahidi. Umejuaje kuwa wewe ni sumu? Nani alikwambia, na lini? Kisha humpa ushahidi wa upande wa pili. Humweleza kuwa wanasayansi waliwafuata watu na wenzi wao wa ndoa au mapenzi, jumla yao jozi 1,763, katika nchi tisa, Kisumu ikiwa mojawapo ya mahali pa utafiti huo. Na kwamba matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2016, hayakuonyesha hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenzake wakati dawa zilipokuwa zimevituliza virusi kwa uthabiti. Basi mwenye kudumu na dawa hata virusi visionekane katika kipimo, haviambukizi kwa njia ya kujamiiana. Ni sumu gani hiyo isiyomdhuru mtu? Humwuliza pia: kama rafiki yako mpenzi angekujia na habari hizi zako, ungemwambia maneno unayojiambia? Mara nyingi hapo ndipo mfungwa huinua uso, maana huona kuwa kwa rafiki angekuwa na huruma, na kwamba ukatili wake wote ameuweka kwa mtu mmoja tu.

Kazi haiishi hapo. Kuna kumchagua mtu mmoja wa kumwambia, mmoja si kumi, na kuyafanyia mazoezi maneno ya kumwambia. Kuna kuamua nani hana haki ya kujua, kwa kuwa kuficha si kosa daima. Mtu aweza kuifunga siri yake kama afungavyo fedha zake, bila kuionea haya. Kuna kukutana na wenzake waliotangulia, kumwona kwa macho mama aliyezaa watoto wasio na virusi, au fundi mwashi aliyemeza dawa miaka 20 na bado hupanda jukwaa la ujenzi. Haya huchukua miezi. Wengine hukumu yao haifutiki yote, bali hupungua makali tu; lakini hata hilo latosha kumwezesha mtu kumeza kidonge cha usiku wa leo.

Kundi la pili la wapinzani wangu ni watu wa maadili, na kwao sina upole mwingi. Husema kuwa aibu ni ukuta wa nchi. Kwamba tukiwafariji wenye virusi hata wasione haya, vijana wataudhania ugonjwa kuwa mchezo. Nawajibu kwa historia yetu wenyewe. Katika miaka ya 1990 nchi hii ilijaa aibu ya ukimwi mpaka ikamwagika, na hiyo ndiyo miaka ambayo virusi vilienea kuliko wakati mwingine wo wote. Aibu haikuwazuia watu wasiambukizwe, iliwazuia wasipimwe. Asiyepimwa hajui, asiyejua hamezi dawa, na asiyemeza dawa huambukiza. Huo ndio ukuta wenu.

Najua kuna jibu jingine, rahisi zaidi, ambalo marafiki zangu hupenda kulitumia: kwamba yule kijana wa bwenini alizaliwa na virusi, hana hatia. Silitaki jibu hilo. Amwitaye mtoto asiye na hatia kwa sababu alizaliwa nao, amekwisha kumweka mama yake kizimbani, na mtoto huyo wakati wa likizo hurudi nyumbani kwa mama huyo huyo. Hawezi kununua usafi wake kwa fedheha ya mzazi wake. Na baba je? Na yule msichana aliyedanganywa, au dereva wa lori aliyejitakia? Ikiwa mtu amekosa, kosa lake lina mahali pake pa kutubiwa, mbele ya Mungu wake au mbele ya mwenzake aliyemkosea. Virusi si hakimu. Humwingia mke mwaminifu ndani ya ndoa yake, na mzinzi wakamwacha akazeeka salama. Sijapata kuona mahakama iliyohukumu kwa upofu namna hiyo, wala sioni kwa nini watu wa dini waiheshimu.

Wa tatu ni wapinzani ninaowaheshimu. Hawa husema kuwa dhambi ya unyanyapaa iko kwa jamii. Basi kwa nini tumtibu aliyedhulumiwa badala ya kumrudi mdhalimu? Wanayo hoja. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ukimwi imekataza ubaguzi kazini, shuleni na hospitalini, na imeagiza kwamba kipimo kifuatane na ushauri. Mwezi wa Februari mwaka 2015 ilitolewa amri ya serikali ya kukusanya habari za wanafunzi wenye virusi. Watetezi wa haki wakaenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Desemba mwaka 2016 mahakama ikaamua kuwa amri ile ilivunja haki ya faragha. Ulikuwa ushindi wa kweli, na wanafunzi wengi hawajui hata leo kuwa walipiganiwa. Lakini sheria yaweza kulizuia jina lako lisiandikwe katika orodha ya ofisini; haiwezi kulifuta jina ulilojiandikia moyoni. Nami nauliza: ni nani huenda mahakamani? Mtu anayeamini kuwa amestahili kufukuzwa hamshtaki aliyemfukuza; huondoka kimya, tena huomba radhi. Mshauri anayewafundisha watu kuvumilia dhuluma afukuzwe kazi, nami nitamsindikiza mlangoni. Yule anayemfanya mtu aseme "nimeonewa" amemfungulia njia ya mahakama.

Sasa nirudi kwa wenye fedha, nilioanza nao. Kenya ina watu zaidi ya milioni 1.3 wanaoishi na virusi, kwa makadirio ya miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu mishahara ya wengi wa washauri wao haikutoka katika hazina yetu. Ilitoka ng'ambo, hasa katika mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2003. Mwezi wa Januari mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watumishi wengi waliolipwa kwa fedha hizo waliambiwa wakae nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo washauri, na wale akina mama wenye virusi waliokuwa wakiwashika mkono wajawazito wenzao. Katika ubishi uliofuata tuliuliza kwa sauti kuu kama vidonge vilivyo ghalani vitatosha. Tulikuwa na haki ya kuuliza. Lakini yule mama wa kliniki ajuaye majina ya wagonjwa wake wote na majina ya watoto wao, nani alimwuliza mbunge wake amekwenda wapi? Tumemhesabu mtu huyo kuwa ni mgeni aliyeletwa na mfadhili, naye mfadhili alipoondoka tukadhani ni kawaida aondoke naye. Jina lake na liwe katika orodha ya mishahara ya kaunti, baada ya jina la muuguzi, na si kwa penseli.

Tena apewe chumba. Hili laonekana jambo dogo, na ndilo linalosahauliwa daima na wachoraji wa majengo. Katika shule nyingi yupo mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya kuwaelekeza na kuwashauri wanafunzi, na ni mtu mwema, aliyepewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote vya Hisabati au Kemia. Meza yake iko katika ofisi moja na meza za walimu wengine sita. Yule kijana mlinda lango amekwisha kwenda huko mara mbili, mchana, baada ya kuitafuta nguvu ya kwenda kwa muda wa muhula mzima. Mara ya kwanza aliwakuta walimu wanne wakisahihisha madaftari. Mara ya pili walikuwa wawili, nao wakanyamaza alipoingia, wakamtazama. Mwalimu wake akamwuliza ana shida gani. Akaomba chaki, akapewa, akarudi darasani.